Ndugu yangu wa Chake, Mshirazi hajulikani kwa weupe

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Chake Chake, aliyeandika humu wiki mbili nyuma akatuusia kwamba paka wa Kishirazi, yule wa manyoya marefu, wa asili ni mweupe pepepe, na kwamba mwenye baka lolote ni chotara wa mtaani aliyefugwa nywele. Sina ugomvi naye, na Wapemba ni wajomba zangu. Lakini maneno hayo hayo, neno kwa neno, ndiyo yaliyonitoa mimi shilingi laki tatu mwaka juzi, kwa hiyo amenigusa penye donda.

Mimi ni muuza kanga, Mchangani, huu mwaka wa 30. Nyumbani ni Kiponda. Paka wa mjini nimekua nao, wale wa manyoya mafupi wanaolala juu ya baraza kama wao ndio waliolipia kodi. Wa manyoya marefu nilianza kuwaona katika picha za dada zangu walioko Maskati. Huko Ghuba hawasemi paka wa Kiajemi, wanasema Shirazi, na jina lilipofika huku lilikuta mkeka umeshatandikwa, maana nani Unguja asiyeijua Shirazi, ule mji wa Uajemi tunaoambiwa wazee wetu walitoka? Tuna Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ya Makunduchi, tuna msikiti wa Kizimkazi, tuna hamamu ya Kidichi aliyoijenga Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. (Sijapata kusikia kuwa bibi yule alikuja na paka, lakini mapapasi, wale vijana wanaotembeza watalii, wakikosa la kuwaambia wageni watalitunga na hilo.)

Basi kijana mmoja akaja dukani na boksi la tambi. Ndani yake mna kitoto cha paka, cheupe, macho buluu, kinaenea katika bakuli la urojo. Akaniambia wazee wake wametoka Dubai. Wenye rangi anauza laki moja, huyu laki tatu kwa sababu weupe ndio uthibitisho. Nikamuuliza umri, akasema miezi miwili. Nilikifungua kinywa nikaona meno kama vijipunje vya chenga za mchele. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nani anashtuka naye kitoto kimeshajikunja kifuani? Nikalipa. Nikamwita Pamba.

Wiki ya pili nikaona masikio yana moshi. Kwangu tunapikia mkaa, nikadhani kajipenyeza chini ya meza ya jiko. Nikachukua pembe ya kanga kuukuu, nikairowesha, nikamfuta. Kanga ikatoka safi. Nikamfuta tena kwa sabuni ya kipande, akanikwaruza, na moshi uko pale pale. Baadaye ukaingia puani, halafu miguuni, mwishowe mkia mzima ukawa rangi ya majivu. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, Pamba anaungua?" Tangu siku hiyo watoto wa mtaa wanamwita Masizi, na jina la Pamba nalijua mimi na daftari la daktari tu. Yule kijana nilimpigia simu. Mpaka leo haipatikani.

Daktari wa mifugo niliyempelekea ni binti mdogo, mstaarabu. Alipomtazama tu akacheka. Akaniambia, "Bi mkubwa, huyu haumwi. Na hakuwa na miezi miwili ulipouziwa, labda mwezi." Kisha akanikalisha akanieleza, nami nikaenda kusoma zaidi, kwa sababu laki tatu zikishatoka afadhali zirudi na elimu.

Paka wa aina yangu wanaitwa Himalayani. Rangi ya unywele hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya fulani, yaani kitu cha mwilini kinachosukuma kazi hiyo ifanyike, na cha paka hawa kina kasoro ya kurithi: hakivumilii joto. Mwili wa paka una nyuzi 38 na zaidi. Kifuani, tumboni na mgongoni, kwenye joto, kimeng'enya kinalala na nywele zinatoka nyeupe au rangi ya malai. Masikioni, puani, miguuni na mkiani, ambako damu imeshapoa kidogo, kinaamka na rangi inaingia. Ndani ya tumbo la mama hakuna pembe ya baridi, ndiyo maana wote huzaliwa weupe. Sasa mtaona kwa nini muuzaji ana haraka. Akimweka kitoto wiki chache zaidi, masikio yatamtoa siri. Anamuachisha mama yake mapema, anampakia kwenye boksi, anamuuza kwa bei ya weupe. Kitoto cha paka kinatakiwa kikae na mama yake mpaka wiki 12 hivi, ale vizuri, ajifunze adabu.

Mimi nilielewa haraka kwa lugha ya dukani kwangu. Kanga ina mji katikati, ina pindo ukingoni. Masizi ana mji mweupe na pindo la majivu. Tofauti ni kwamba kanga hutiwa rangi kiwandani mara moja, na huyu anatiwa na hali ya hewa kila nywele zinapoota.

Na hali ya hewa ilinionyesha. Kaskazi ya mwaka jana ilikuwa kali, na yule mjukuu wangu, kwa huruma yake, akaazima mashine kwa rafiki yake kinyozi akamnyoa paka mwili mzima, akabakisha kichwa na mkia. Alikuwa kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Kwa aibu, au kwa joto, akahamia chumbani kwa mwanangu wa kiume kwenye kiyoyozi, akawa analala juu ya marumaru mchana na usiku. Nywele zilipoota, mgongo mzima ulitoka majivu, umekatika vizuri mabegani, utasema kavishwa kizibao. Jirani yangu mmoja alipomwona akarudi kinyumenyume. Akanishauri azinguliwe, yaani asomewe atolewe shetani, kwamba paka anayebadilika rangi si paka. Nilikaribia kukubali, angalau ule ubani, maana ubani si ghali. Daktari akanirudisha kwenye somo lile lile: ngozi iko wazi, kiyoyozi kinapuliza, mgongo umepoa, kimeng'enya kimeamka. Akasema nisubiri apukutishe. Nikasubiri, akapukutisha, kizibao kikavuliwa. Weupe wake si ule wa awali, umekuwa wa maziwa yaliyotiwa chai tone moja, kwa sababu paka hawa huiva rangi kadiri wanavyozeeka. Ila jirani bado ananisalimia kutoka ng'ambo ya kichochoro.

Kwa hiyo nikisoma mtu anasema rangi ndiyo asili ya paka, mie najiuliza, ni asili gani hiyo inayogeuzwa na rimoti ya kiyoyozi?

Ndugu yangu wa Chake huenda akasema huyo wangu kachanganywa. Kweli, kachanganywa, na waliomchanganya wanajulikana. Miaka ya 1930, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Clyde Keeler na Virginia Cobb walimzalisha paka wa Siam, ambaye ndiye mwenye pindo, na wa Kiajemi mwenye manyoya, wapate kujua mambo haya yanavyorithiwa. CFA, chama kikubwa cha wafuga paka cha Marekani, kikamkubali Himalayani mwaka 1957, na mwaka 1984 kikamuingiza ndani ya paka wa Kiajemi. Leo CFA ina mafungu saba ya rangi za Mshirazi, na lenye weupe ni mojawapo tu, tena humo mweupe anakaa pamoja na mweusi mtupu, mwekundu mtupu na wa kijivu. Kuna wa milia. Kuna wa fedha, ambaye ukimwona kwa mbali utaapa ni mweupe, kumbe kila unywele wake una ncha nyeusi, na macho yake kijani yaliyozungushiwa wanja. Huyo wa fedha nimemwona mara moja, kwa wageni wa Shangani, na nakiri nilimtamani.

Tukirudi kwenye asili hasa, mambo yanazidi kuwa mabaya kwa mwenzangu. Yupo Mtaliana, Pietro della Valle, aliyefika Uajemi karne ya 17 akaandika habari za paka wa manyoya marefu wa Khorasan na kutaka kuwapeleka kwao. Rangi aliyoisifu ni kijivu. Kijivu kilichokolea mgongoni na kufifia kifuani, bila doa. Weupe sifa yake ilivuma zaidi kwa paka wa Ankara, Uturuki, na Ulaya walipofika wote wawili walizalishwa pamoja, wakauzwa kwa majina yanayobadilishana. Na wataalamu wa siku hizi walipochukua vinasaba vya Mshirazi wa leo wakavipima na vya paka wa dunia nzima, hawakumkuta karibu na paka wa Mashariki ya Kati. Walimkuta na paka wa Ulaya Magharibi.

Hapa nilicheka peke yangu dukani. Mwaka 2023 zilitoka habari za uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya pwani yetu, Mtwapa na Manda na kwengineko, wakakuta kweli mna damu ya Uajemi upande wa akina baba. Ina maana Mswahili aliyezikwa Mtwapa ana Ushirazi kumshinda Mshirazi niliyemnunua kwa laki tatu.

Weupe wenyewe una maneno yake. Mwenye nyumba ya mawe anajua chokaa inavyofanya kazi: unaipaka, ukuta unang'aa, lakini chini yake mna rangi ya zamani. Paka mweupe ndivyo alivyo. Ana jeni moja inayozuia rangi isifike kwenye nywele, na chini ya hapo anaweza kuwa mweusi, mwekundu au wa milia, wala hujui mpaka azae. Paka mweupe akizaa watoto weusi ti, msimsingizie mambo. Vitoto vingine vyeupe huzaliwa na kijidoa utosini, kama mtu aliyechungulia chini ya chokaa, kisha doa linapotea.

Na chembe zile zile zinazobeba rangi zinahitajika ndani ya sikio, ndiyo maana weupe wengi wenye macho ya buluu huwa viziwi. Jirani yangu wa nyuma alikuwa naye mmoja. Mzuri, mpole, anakaa katikati ya njia. Tuliona ni kiburi. Siku ya vespa, dereva alipiga honi kona nzima, watu wakapiga kelele, paka hata sikio halikugeuka. Sisemi msifuge paka mweupe. Nasema anayemtoza mtu mara tatu kwa weupe amwambie na hilo, na amwambie pia kwamba jua la saa sita linazichoma ncha za masikio yao meupe mpaka zinaweza kupata saratani. Katika kisiwa kama hiki, mweupe ni paka wa ndani.

Mimi nikiambiwa nichague, mhariri, ningemchagua paka kisutu. Ndivyo ninavyomwita mwenyewe, sijui kama kuna anayemwita hivyo zaidi yangu na wateja wangu: yule wa rangi tatu, mweupe, mweusi na mwekundu. Kisutu, kwa vijana wasiojua, ni kanga ya rangi hizo hizo tatu, kanga ya bi harusi. Sijawahi kumuuzia mwanamume kisutu akavae yeye. Na paka kisutu naye ni jike! Nenda Malindi ya hapa Unguja wanakopasua samaki, wahesabu, utaniambia.

Sababu yake ni tamu. Wekundu wa paka umebebwa kwenye kromosomu ya X, kimoja katika vile vifungu vya urithi vinavyoamua dume na jike. Dume ana X moja, basi ama mwekundu ama si mwekundu, hana nafasi ya kuwa vyote. Jike ana X mbili, moja inaweza kusema nyekundu na nyengine nyeusi. Lakini kila chembe ya mwili wake huzima X moja na kuiacha moja, na inazima bila mpango, akiwa bado tumboni. Penye kuzimwa ya wekundu panaota nyeusi, penye kuzimwa ya weusi panaota nyekundu. Aliyeligundua jambo hili la kuzima ni mwanamke wa Uingereza, Mary Lyon, mwaka 1961, kwa panya. Jeni yenyewe ya wekundu ilitafutwa miaka mingi sana, ikapatikana juzi tu: mwaka 2025 kundi la Japani na kundi la Marekani walichapisha pamoja, ni kipande kidogo kilichokatika kwenye X. Weupe wa kisutu ni habari nyengine, una jeni yake. Weupe huo ukiwa mdogo, wekundu na weusi vinaingiana kama rangi zilizomwagikiana. Ukiwa mwingi, mabaka yanaachana yanakuwa makubwa, kila moja na mpaka wake. Dume wa rangi tatu hutokea kwa nadra, akizaliwa na X ya ziada, na kwa kawaida hazalishi. Kwa hiyo mtu akikuletea "dume kisutu wa kuzalishia", funga kibeti.

Wakati mwingine utamwona kisutu aliyefifia, weusi wake kijivu, wekundu wake rangi ya tui. Huyo hajazeeka. Amerithi jeni ya kupunguza rangi kutoka kwa mama na baba. Wapo Washirazi wa hivyo na wapo wa jalalani Darajani wa hivyo hivyo, rangi ni ile ile, na hapo ndipo nataka wasomaji wasimame. Hakuna rangi ya Mshirazi. Milia, mabaka, fedha, pindo, zote hizo jeni zake hazijui kama paka amezaliwa kwenye kapeti au kwenye kiroba. Hata urefu wa manyoya peke yake haumfanyi Mshirazi. Urefu huo unahitaji urithi wa pande zote mbili, basi paka wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuubeba kimya kimya, wakakutana nyuma ya soko, na kitoto kimoja katika wanne watano kikatoka na mkia kama ufagio. Kizuri, mfugeni, lakini msikilipie nauli ya Dubai.

Anayetaka kununua aombe kumwona mama yake. Kama mama hayupo, au yuko "shamba", rudi nyumbani na pesa zako. Amsikilize anavyopumua, maana wenye pua iliyobonyea sana wanateseka na joto letu. Wangu anakoroma kama mzee, na kila asubuhi namfuta machozi kwa pamba. Aulize habari ya figo, kuna ugonjwa wa kurithi wa uvimbe wa maji kwenye figo unaowaandama Washirazi na una kipimo chake. Na ajiulize mwenyewe kama ana nusu saa ya chanuo kila siku, kwa sababu manyoya yale yakishikana yanavuta ngozi, na kunyoa, kama nilivyokwisha kusema, kunaleta majirani.

Ndugu yangu wa Chake, ukivuka kuja Unguja nakukaribisha dukani. Masizi yuko juu ya marobota ya kanga mpya, upande wa kivuli, na wateja wananunua zenye nywele zake bila kulalamika. Usije Ijumaa mchana, nafunga. Na ukija na chanuo la meno mapana utakuwa umenifaa, la kwangu limevunjika jana.

Wako,
Muuza kanga,
Mchangani, Unguja